Naomba ushauri: kazi ya ghalani inanimaliza mimi na nyumba yangu

Wakuu, shikamooni kwa wakubwa. Mimi ni karani wa ghala la korosho huku Masasi. Msimu ukianza Oktoba malori yanapanga foleni hadi usiku, na gunia likipungua kilo nakatwa mimi. Sheria ya ajira ya 2004 inataja saa 45 kwa wiki bila ovataimu. Mimi nafika 70. Usingizi sina. Juzi zahanati wamenipima presha, 160/100, na nina miaka 34 tu.

Kinachoniuma zaidi ni binti yangu wa miaka sita. Akisikia pikipiki yangu anazima redio, anakimbilia kitandani kujifanya kalala. Mke wangu naye ameacha kuniuliza chochote.

Kuacha kazi siwezi, ada za watoto zinanitegemea. Nianze na nani: bosi, daktari, au mama watoto?