Kampuni ikijinunulia hisa zake: tunalipwa au tunachezewa?

Karani wa Kariobangi: Wadau, nimeanza daftari. Kila mwaka naandika kampuni imetumia ngapi kununua hisa zake yenyewe. Hapa kwetu haijai ukurasa: Nation Media, wenye gazeti la Nation, ilifungua njia NSE, soko la hisa la Nairobi, 2021; Centum, kampuni ya uwekezaji, ikafuata 2023. Apple ndiyo inanimalizia wino: dola bilioni 77 na ushei mwaka wa fedha 2023, karibu 95 mwaka 2024. Si bora wangelipa mgao tu, faida igawiwe wenye hisa?

Shiro Ngara: Nation si walinunua kwa shilingi 20 kila hisa? Niliambiwa niuze nikakataa.

Dalali Mstaafu: 25, dada. Walitaka hadi asilimia 10 ya hisa zote, yaani milioni 20.7, wakapata kama 17. Ukakataa 25, na 2024 ukaiona chini ya 20. Ila ndivyo mlivyo kizazi cha hisa za Safaricom zilizouzwa kwa umma 2008, mkishika hisa hamwachii hadi iozee mkononi.

Shiro Ngara: Kizazi gani? 2008 nilikuwa darasa la sita!

Baba Kevo: Ngoja, huyo ananisema mimi. Nilipanga foleni mjini tangu alfajiri, fomu nimeikunja ndani ya gazeti isilowe. Hisa shilingi 5, pesa za mkopo wa benki. Waombaji wakawa wengi kuliko hisa, nikapewa kiduchu. Pesa zilizobaki zikarudishwa polepole, huku riba ikila. Mapema 2009 bei ikawa chini ya 3. Wewe dalali ulikuwa unakula kamisheni.

Dalali Mstaafu: Ilipopita 40 mwaka 2021, uliuza?

Baba Kevo: Sikuuza.

Dalali Mstaafu: Mimi nimemaliza.

Baba Kevo: Hujamaliza. Nimekula mgao miaka yote hiyo. Mgao naushika kwa mkono huu. Hisa ikipanda kwenye simu yako inanunua unga?

Mhindi wa Mayai: Mzee, mgao unakatwa asilimia 5 kabla haujafika. Ukiuza hisa NSE, faida haitozwi kodi. Sasa nani mjanja?

Baba Kevo: Serikali ikisoma hapa wewe ndiye umewaonyesha.

Mhindi wa Mayai: Marekani wameshaona. Tangu 2023 kampuni inayonunua hisa zake inalipa kodi ya asilimia 1.

Karani wa Kariobangi: Jamani, daftari langu.

Mhasibu Mkaidi: Karani, daftari lako lina safu moja pungufu. Pesa pekee hazisemi kitu; hisa zikipungua ndipo kipande cha anayebaki kinakua. Andika pia idadi ya hisa zilizobaki kila mwisho wa mwaka. Kuna kampuni zinanunua hisa kwa mlango wa mbele, kisha wakubwa wanagawiwa mpya kwa mlango wa nyuma: matumizi yanapanda, hisa ziko palepale. Apple zimepungua kweli, toka kama bilioni 26 mwaka 2013, ukihesabu kila hisa ya zamani kwa vipande ilivyogawanywa baadaye, hadi 15 hivi. Na usinakili tangazo. Mei 2024 walitangaza kununua hisa za hadi dola bilioni 110. Hiyo ni idhini, si malipo. Malipo yako kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha, chini kabisa, pale kwenye mikopo na mgao.

Shiro Ngara: Na Nation? Milioni 400 na kitu zilitoka, kisha hasara 2023, hasara 2024. Hizo si zingewafaa?

Dalali Mstaafu: 2021 nani alijua? Tena waliouza kwa 25 hawalalamiki. Analalamika aliyekataa.

Shiro Ngara: Umenirudia tena mimi!

Karani wa Kariobangi: Safu ya pili nimechora. Centum walinunua ngapi hasa?

Mhindi wa Mayai: Baba Kevo, hiyo fomu ya Safaricom uliikunja ndani ya gazeti gani?

Baba Kevo: Nation. Usicheke.