Neema nani Wafula?

Baba Neema: Habari za asubuhi, wazazi na ndugu zangu wa kundi hili la simu. Mama na mtoto wameamka salama. Nesi amenipa karatasi ya taarifa ya kuzaliwa niijaze kabla hatujaruhusiwa mchana. Neema nimeandika, Wafula nimeandika. Katikati pako wazi.

Senge (shangazi wa mtoto, dada ya baba): Mungu asifiwe! Katikati andika Nekesa. Tuko Novemba, mahindi yako uani yanakauka, na jana tumepukuchua hadi vidole vinauma. Kwetu Bungoma, msichana akizaliwa wakati wa mavuno ni Nekesa.

Mama Neema: Asanteni sana kwa maombi. Senge, mimi nilikuwa nimemfikiria Mwende. Miezi yote tumboni nimemwita hivyo. Kwetu Ukambani maana yake ni mpendwa.

Mjomba Mutua: Neema Mwende. Linateleza mdomoni.

Senge: Ni zuri, wifi, sikatai. Lakini mtoto wa kwanza jina hutoka kwa baba. Mwende mwekee wa pili.

Jirani, Mama Akoth: Naingia kama jirani tu. Msikimbizwe na nesi, sheria inawapa miezi 6 ya kuandikisha mtoto.

Mama Neema: Najua, Mama Akoth, lakini nataka liishe leo. Nimeona watu wakihangaika miaka, cheti kina jina hili, shule ina lile, wakifika kuomba pasipoti wanarudishwa. Mtoto wangu aanze na karatasi zinazofanana.

Susu (bibi mzaa mama, Kitui): Watoto wangu, hamjambo. Senge anasema kweli. Hata sisi, binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Kwa hiyo mimi sidai kitu. Kukhu, niwie radhi nikuulize, jina lako la utotoni ni nani? Siku ya mahari sote tulikuita Mama Wafula.

Kukhu (bibi mzaa baba, Bungoma): Mimi ni Nekesa.

Mjomba Mutua: Basi yameisha! Bibi na mavuno kwa jina moja.

Kukhu (Bungoma): Hayajaisha. Dada yangu wa Kitui, asante kwa heshima hiyo, nimeipokea. Lakini kwa boma letu jina la mtu hupewa mtoto mwenyewe akishaondoka. Mimi bado nipo. Akiitwa Nekesa, nani aitike, mimi au yeye? Mniache kwanza nimbebe.

Senge: Mama, Nekesa ni jina la majira, si lako peke yako. Na nasikia mtoto analia sana usiku. Zamani mtoto akilia hivyo, wazee walitaja majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza na kushika titi, jina ni hilo.

Mama Neema: Senge, tafadhali. Analia kwa sababu maziwa hayajashuka vizuri. Jana usiku nimelia pamoja naye. Naomba nisiambiwe kuna mtu tumemkasirisha.

Senge: Nisamehe, wifi. Sikutaka kukutia hofu. Mwambie kaka yangu akuletee uji wa wimbi, wa moto, na unywe maji mengi.

Kukhu (Bungoma): Wafula, siku ile mtoto anazaliwa huko kwenu kulikuwa na nini?

Baba Neema: Mvua, Mama. Tangu saa nane usiku. Unajua udongo mweusi wa Kitengela ukilowa. Teksi ilikwama, nikashuka na viatu vya kanisani nikaisukuma na mlinzi wa geti. Hadi mtoto anatoka bado inanyesha. Nilikuwa nje ya mlango na kwa kelele za mabati sikusikia kilio chake cha kwanza. Hilo limeniuma kidogo.

Kukhu (Bungoma): Basi huyo hakukuta mavuno. Mavuno ni yetu huku. Jina la majira hufuata mahali mtoto alipozaliwa. Huyo ni Nafula.

Baba Neema: Neema Nafula Wafula.

Mjomba Mutua: Lisome kwa sauti. Nafula Wafula, Nafula Wafula. Watoto shuleni wataligeuza wimbo.

Mama Neema: Nimelitamka mara tatu, ulimi unarudi palepale.

Susu (Kitui): Ngojeni. Nafula ni mvua?

Baba Neema: Ndiyo, Mama. Msichana wa mvua ni Nafula, mvulana ni Wafula. Mimi nilizaliwa Aprili.

Susu (Kitui): Kumbe wewe ni Wambua! Miaka yote hii nina mkwe Wambua na sikujua!

Mjomba Mutua: Kweli kabisa. Mbua ni mvua. Mvulana Wambua, msichana Mumbua.

Jirani, Mama Akoth: Na kwetu Kisumu ndiye huyo Akoth wangu. Na Mama Nyambura wa ploti ya pili, mvua pia. Kumbe mtaa mzima tumelowa.

Mama Neema: Neema Mumbua Wafula.

Baba Neema: Rudia.

Mama Neema: Neema Mumbua Wafula. Mvua ya kwetu, halafu mvua ya kwenu. Mwende litabaki la kumbembelezea.

Senge: Ni tamu, nakubali. Lakini wazee wataniuliza kwa nini mtoto wetu wa kwanza ana jina la Kikamba.

Kukhu (Bungoma): Waambie waniulize mimi. Andikeni Mumbua. Mimi Desemba nikimshika nitamwita Nafula, kwa sababu ndivyo mdomo wangu unavyoita mvua.

Senge: Sawa, Mama. Ila Desemba mje kweli, msianze habari za kazi. Gunia lenu la mahindi nimeliweka kando.

Susu (Kitui): Na mkitoka Bungoma mpitie huku. Mbuzi yuko.

Mjomba Mutua: Baba Neema, tuma picha ya karatasi kabla hujamrudishia nesi.

Baba Neema: Ni vizuri umesema. Nilishampa nesi anakili, akaandika Mumbwa. Anajaza nyingine sasa, nimesimama hapahapa namtajia herufi moja moja.