Naomba ushauri: fremu ya simuleta ya mbio za magari, ya kujitengenezea nyumbani, bajeti laki moja na nusu

Dereva_Tabata

Wakuu, habari za jioni.

Mwezi uliopita nimepata usukani wa mtumba, Logitech G29 na pedali zake tatu. Kompyuta ninayo, si kali sana ila Assetto Corsa, lile gemu la mbio za magari, inakwenda bila kukwama. Shida yangu ni pa kukaa. Usukani nimeubana kwenye meza ya chakula, pedali zimekaa chini kwenye vigae, na mimi nakalia kiti cha ofisi chenye magurudumu. Nikikanyaga breki kwa nguvu, pedali zinakimbilia ukutani. Nikaweka tofali mbele yake, pedali zikatulia, kumbe sasa kiti ndicho kinachorudi nyuma. Nikifika kwenye kona ninayotakiwa kukanyaga breki hadi mwisho, najikuta nimenyoosha miguu kama mtu anayesukuma kabati. Na meza imeanza kubonyea pale inapobanwa, mama watoto ameshanionya mara mbili.

Nimeangalia fremu za dukani, za aluminiamu, bei yake inazidi hata ya usukani wenyewe. Nataka nitengeneze yangu.

Hali yangu ni hii: naishi chumba na sebule, nyumba ya kupanga, kwa hiyo lazima kitu hicho kiweze kusogezwa pembeni usiku wageni wakilala. Mwanangu wa miaka 11 naye anaendesha, na anaendesha vizuri kweli, kwa hiyo kimfae yeye na mimi. Vifaa nina msumeno wa mkono, bisibisi na futi. Drili naazima kwa jirani. Hela ni laki moja na nusu, ikizidi hapo nitakuwa naiba ya ada.

Mbao au chuma? Kiti gani? Vipimo naanzia wapi? Natanguliza shukrani.

---

Mama_Gia

Mkuu, kabla hujatoa hata shilingi, chukua viatu vya zamani au ndala ngumu, kila gurudumu la kiti liingie ndani ya kiatu chake. Kiti hakitembei tena. Halafu tafuta mkanda wa kufungia mizigo, ule wa pikipiki, uzungushe kwenye mguu wa kiti na ubao wa pedali. Ukikanyaga, pedali inavutwa na kiti chenyewe. Mimi nimeendesha hivyo karibu mwaka mzima.

Fremu jenga, ila wiki hizi za kujipanga usiendelee kuteseka.

---

Fundi_Randa

Mkuu Dereva_Tabata, mimi ni seremala, niko Keko, na fremu za namna hii nimeshatengeneza tatu. Mbili za kwanza zilikuwa na kasoro, kwa hiyo nisikilize.

Jambo la msingi umeshalieleza mwenyewe bila kujua. Ulipozuia pedali, kiti kikarudi. Nguvu ya mguu inasukuma vitu viwili kwa pamoja, pedali mbele na mgongo wako nyuma. Ukivifunga vyote viwili kwenye mbao ndefu zilezile, nguvu inaishia ndani ya mbao na fremu haina sababu ya kutembea, hata ukiiweka juu ya vigae vyenye sabuni. Watu wengi wanahangaika na urembo wa pale kwenye usukani wanasahau hili.

Mbao inatosha kabisa. Nunua 2 kwa 4, zile za futi 12, vipande viwili tu. Chagua mbao kavu na zilizotiwa dawa. Mbao mbichi utaifunga leo imenyooka, baada ya wiki tatu imejipinda na usukani umeelekea dirishani. Ishike mkononi: mbichi ni nzito na ya baridi. Kisha weka jicho kwenye ncha moja uangalie hadi mwisho kama imenyooka, usione haya mbele ya muuzaji.

Ubao wa kwanza kata vipande viwili vya sentimita 140, hizo ndizo boriti za chini, na nguzo moja ya sentimita 65. Ubao wa pili unatoa nguzo ya pili ya 65, mishazari miwili ya 60, na vipande vitatu vya 50 vya kukingama. Kinachobaki ni vipande vidogo utakavyovihitaji kuinulia kiti. Boriti zilaze kwa ubavu mwembamba, upande wa nchi 4 usimame, ndipo hazipindi.

Nguzo za usukani usizipigilie misumari. Msumari unalegea kwa mtikisiko, na G29 inatikisika. Kila nguzo ifungwe kwenye boriti kwa bolti mbili za spana 13 zenye washa pande zote. Mshazari unatoka karibu na juu ya nguzo unashuka kuelekea upande wa pedali. Ukiuelekeza upande wa kiti utagonga magoti kila unapoingia. Bila mshazari, hata nguzo nene namna gani itayumba, hiyo ndiyo kasoro ya fremu yangu ya kwanza.

Ila boriti za kukingama usikate mpaka umenunua kiti. Hiyo 50 nimekisia mimi. Miguu ya kiti chako ndiyo itakayosema.

---

Bomba_la_Maji

Mbona tunajitesa na mbao? Bomba za plastiki za maji ni nyepesi, zina viungo tayari, unakata na kugundisha. Nimeona picha nyingi za fremu kama hizo.

---

Fundi_Randa

Ndugu yangu, picha haioneshi mtikisiko. Bomba la nchi moja na nusu linapinda kila unapokata kona, na nusu ya ule mvuto wa usukani unaoutafuta, ule wa mota ya ndani, unamalizikia kwenye plastiki badala ya mikononi. Kwa stendi ya mtoto mdogo mwenye usukani mwepesi, sawa. Kwa breki ya G29, hapana. Breki ile ina kipande cha mpira ndani kinachoifanya iwe ngumu sana mwishoni. Ndiyo maana pedali za mwenzetu zinakimbia.

---

Chuma_Mwanza

Mimi nilikwenda njia ya chuma. Skwea paipu za nchi moja na nusu, nikamchorea fundi wa kuchomelea, akamaliza kwa siku moja. Ni imara kupita kiasi. Lakini sitamshauri mleta uzi aanze huko, kwa sababu moja: chuma kikishachomelewa, kosa la sentimita tano ni kurudi kwa fundi na hela nyingine. Mimi nilirudi mara mbili. Kwenye mbao unatoboa tundu lingine.

Kama una ndoto ya chuma, tengeneza ya mbao kwanza, iendeshe miezi sita, mwili wako ukishakubali vipimo ndipo umpelekee fundi namba kamili.

---

Dereva_Tabata

Asanteni sana wakuu. Viatu vimefanya kazi, jana nimeendesha bila kurudi nyuma hata kidogo. Mbao nimekubali.

Sasa kiti. Kuna mtu ana kiti cha dereva cha Toyota IST, anataka elfu sitini, na reli zake zipo. Nichukue?

---

Mzee_wa_Spea

Chukua, na usikubali akiondoe kwenye reli. Zile reli ndizo dawa ya mwanao: anavuta kiti mbele, wewe unarudisha nyuma, kazi imekwisha. Fremu za mbao zenye kiti kisichosogea zinamfaa mtu mmoja tu.

Mambo mawili ya kuangalia. Moja, kaa juu yake hapohapo, sogeza mbele na nyuma mara kadhaa usikilize reli. Kutu ya juu inafutika kwa msasa na mafuta, ila reli iliyopinda usiiguse.

Pili, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu una mtoto ndani. Chungulia chini ya kiti. Ukikuta waya wenye soketi ya njano, hicho kiti kina mfuko wa hewa wa ubavuni. Usiuchezee huo waya, usiuunganishe na umeme wa aina yoyote, usijaribu kuutoa mwenyewe kwa bisibisi. Ndani mna baruti ya kufyatulia mfuko. Tafuta kiti kisicho nao, viko vingi, usione hasara kukiacha.

Miguu ya reli haiko usawa mmoja, mara nyingi ya mbele iko juu na ya nyuma iko chini. Ndiyo kazi ya vile vipande vya mbao vilivyobaki. Matundu yake yanameza bolti nene kuliko zile za nguzo, nenda na kiti dukani ukipime.

---

Dereva_Tabata

Nimechungulia, soketi ya njano ipo. Nimekiacha. Mzee, Mungu akubariki, nisingejua kabisa.

---

Rali_Nakuru

Kaka, salamu kutoka Nakuru. Nafurahi kuona uzi kama huu. Sisi huku mbio zinapita mlangoni, maana Safari Rally iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 makao yake yakawa Naivasha. Na ni mali yenu pia, mwaka 1953 ilipoanza ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika.

Nasema hivi kwa sababu mtoto akionja rali hatarudi kwenye lami. Na rali inataka breki ya mkono. Acha nafasi yake kuanzia sasa: upande mmoja wa kiti, boriti itokeze ubao mdogo wa kushikia. Breki yenyewe ni wenzo wa gari kutoka kwa wauza spea kuukuu, poteshomita ya 10K (kile kitufe cha kuzungusha kama cha sauti ya redio) kwenye mhimili wake, na Arduino Leonardo, kibao kidogo cha elektroniki kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa USB. Iwe Leonardo au ndugu yake Pro Micro, kwa sababu hizo kompyuta inazitambua moja kwa moja kama kifaa cha kuchezea. Arduino Uno itakusumbua. Ukifika hapo nitafute, nitakueleza waya kwa waya.

---

Mama_Gia

Nirudi kwenye vipimo, maana hilo swali limerukwa na ndilo linaloumiza migongo.

Usipime fremu ya mtu mtandaoni. Weka kiti sakafuni juu ya vitabu au matofali, pedali mbele yake, usukani juu ya ndoo au maboksi. Kaa mgongo umegusa kiti. Nyoosha mkono juu ya usukani: kifundo cha mkono kitue juu ya duara bila bega kunyanyuka. Kanyaga breki hadi mwisho: goti libaki limepinda kidogo. Likinyooka, umekaa mbali. Kaa hivyo nusu saa, endesha kabisa. Kiuno kikianza kusema, sogeza. Ukiridhika ndipo uchukue futi na kalamu.

Na skrini isifungwe kwenye fremu ya usukani. Itatetemeka na macho yatachoka. Meza yako ya chakula ndiyo stendi nzuri, isukume hadi karibu ya usukani. Halafu kwenye gemu rekebisha pembe ya mwonekano (FOV), yaani upana wa kile unachokiona kwenye skrini. Skrini ya nchi 24 ikiwa sentimita 60 kutoka machoni, Assetto Corsa inataka nyuzi kama 28 tu. Mwanzoni utaona kama umefungiwa ndani ya boksi. Vumilia siku tatu. Baada ya hapo utajua kona iko umbali gani kama unavyojua barabarani.

---

Dereva_Tabata

Wakuu, nimerudi. Zimepita wiki tatu.

Kiti nimepata kingine, cha Toyota Vitz, hakina soketi ya njano, bei ileile elfu sitini. Mbao mbili elfu 22, kipande cha plaiwudi cha milimita 18 elfu 15, skrubu, bolti na washa elfu 14, bajaji ya kuleta kiti elfu 8. Jumla 119,000.

Vipimo nilifanya kama Mama_Gia alivyoelekeza, juu ya maboksi ya vigae, na kumbe nilikuwa nakaa mbali kwa sentimita 9 nzima. Boriti za kukingama zimekuwa 46, siyo 50. Usukani sikuutegemea ule ubano wake wa plastiki, nimeufunga kwa chini kwenye matundu yake mawili, bolti za spana 10. Anayefuata nyayo zangu ahakikishe bolti si ndefu: izungushe kwa vidole kwanza, ikigoma simama, usilazimishe kwa spana ukapasua vya ndani. Pedali nazo zimefungwa kwa chini vivyo hivyo.

Kwa ajili ya usiku nimefunga magurudumu mawili madogo nyuma, juu kidogo ya sakafu. Nikiinua upande wa pedali, yanagusa chini na fremu inasukumika kama toroli hadi nyuma ya mlango.

Juzi usiku nimeendesha saa mbili mfululizo. Nimekanyaga breki kwa nguvu zangu zote na hakuna kilichosogea. Nilikaa kimya pale kitini, nikakanyaga tena, nikakanyaga tena. Kijana amevuta kiti mbele mwenyewe, akaweka mto mgongoni, na mzunguko wake bora sasa ni wa haraka kuliko wangu kwa nusu sekunde.

Limebaki moja. Nikikata kona ya kulia kuna mlio kama wa mlango, unatokea pale mshazari wa kulia unapokutana na nguzo. Bolti nimezikaza, bado.

---

Fundi_Randa

Usikaze zaidi, utapasua mbao. Hizo ni mbao mbili zinasuguana. Fungua, kata kipande cha tyubu kuukuu ya baiskeli, kiweke katikati, toboa tundu la bolti, funga tena. Ukimaliza piga picha tuone.