Msaada: binti yangu na kibao cha mpira wa lastiki

Mama Chumbageni:
Habari zenu wakuu. Niko Tanga. Binti yangu wa miaka saba kaletewa na mjomba wake kile kibao cha mbao chenye mpira mdogo uliofungwa kwa lastiki katikati. Kakipenda mno, ila akipiga mara mbili tatu mpira unachepuka, unamgonga vidole au unampita begani, basi anakaa kibarazani kununa. Natamani ajue kucheza kwelikweli, maana ni mchezo wa mtu mmoja na hautaki uwanja. Aanzie wapi? Tukienda Raskazone jioni ndiyo anashindwa kabisa.

Kaka wa Ngamiani:
Pole dada. Huyo anapiga kwa nguvu, watoto wote huanza hivyo. Ukiupiga mpira kwa nguvu, lastiki inavutika sana, na mpira ukiwa umetoka upande kidogo tu unarudi ukiwa umepotea mbali, tena kwa kasi. Mwambie augonge taratibu, mkono usitoke mbali, kiwiko akibane karibu na ubavu, kazi ifanywe na kiganja. Kurudi aiachie lastiki. Macho yawe kwenye mpira, asitazame kibao.

Mimi wa kwetu nilimwanzisha kwa kulaza kibao kama sinia, audundishe mpira juu kidogo kidogo bila lastiki kuvutika. Akizoea, akiinue polepole mpaka apige mbele. Na Raskazone ni upepo wa bahari, mpira ule ni mwepesi. Ajifunzie uani kwanza.

Bi Mkubwa wa Pangani Road:
Mie siafiki hilo la kulaza. Wajukuu zangu walizoea kudundisha, kupiga mbele wakaona kazi mpya. Apige mbele tangu mwanzo, ila lastiki ifupishwe.

Mama Chumbageni:
Shikamoo bibi. Nifupishe kiasi gani?

Bi Mkubwa wa Pangani Road:
Marahaba mwanangu. Akishika kibao usawa wa kiuno, mpira ukining'inia usivuke goti lake.

Fundi Seremala:
Dada, kabla ya kumlaumu mtoto kitazame kibao chenyewe. Tundu likiwa halipo katikati, mpira utakwenda pembeni hata apige vipi. Kama limekaa upande, ziba, toboa jipya dogo, lipige msasa vizuri kwa sababu ukingo mkali unaila lastiki. Pitisha, piga fundo nyuma. Lastiki ya cherehani ile ya mviringo inafaa. Usimwekee kamba ya mkonge eti kwa kuwa ndiyo iliyojaa hapa kwetu. Haivutiki, mpira hautarudi.

Kibao asikiache juani, joto linaichosha lastiki. Na kabla hajacheza uivute kidogo uikague: ukiona imepasukapasuka au imelegea, badilisha, isije ikakatika ikamrudia machoni.