Hoteli za Mji Mkongwe, acheni kutuuzia ujia mkauita ukumbi wa mikutano

Salaam wana jamvi.

Uzi huu ni wa watu wa mauzo wa hoteli za Mji Mkongwe, Zanzibar, zile zilizofunguliwa ndani ya majumba ya kale. Ni wa makampuni ya Dar na Nairobi pia, yanayokodi ukumbi kwa kutazama picha kwenye simu. Siku ikiharibika nyinyi wawili mnasameheana, lawama anabebeshwa kijana wa projekta.

Tuanze na namba mnayoiandika kwenye profoma, ile ankara ya bei mnayotuma kabla ya malipo: "Ukumbi, watu 50." Hao 50 mnawaweka wapi? Dari za majumba haya zimebebwa na boriti za mikoko, na boriti ya kubeba ghorofa haivuki mbali: mita tatu hivi, tatu na nusu ikizidi sana. Ndiyo sababu vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, na hakuna mapambo yatakayovipanua. Mpiga picha akijibanza pembeni na lenzi yake pana, chumba kinatoka kama uwanja wa Amaan.

Chukueni futi kamba. Chumba cha mita 3 kwa 8, viti vimepangwa safu zikitazama mbele. Kiti kimoja sentimita 50, njia ya kupita sentimita 90, kwa hiyo safu moja inabeba viti vinne basi. Mbele acheni mita 2 za skrini na msemaji, na kila safu ipeni sentimita 90 ili mtu aweze kukunja magoti. Zinaingia safu sita. Watu 24. Mkitaka meza za kuzunguka kwa umbo la U ndiyo kabisa: meza mbili za sentimita 75 ni mita moja na nusu, viti vya nyuma yake vinataka sentimita 80 kila upande, tayari mmeshavuka mita 3 na katikati hapajabaki pa kupita hata paka. Meza moja ndefu katikati inawezekana, lakini aliyekaa mwisho akitaka kwenda chooni inabidi upande mzima usimame. Halafu choo chenyewe kimoja, kiko ghorofa ya chini.

Sasa skrini. Wengi mnatundika televisheni ya inchi 55 mnasema "vifaa vyote vipo". Kimo cha televisheni hiyo ni sentimita 68 tu, na kanuni ya mafundi ni kwamba mtu wa mwisho asikae mbali zaidi ya mara sita ya kimo cha picha, la sivyo maandishi hayasomeki. Yaani mita 4. Kwenye chumba cha mita 8, nusu ya wajumbe au zaidi wanatazama rangi tu. Projekta nayo msiahidi kuitundika darini. Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2000, upo chini ya Mamlaka ya Hifadhi, na kutoboatoboa majengo si jambo la fundi na meneja kukubaliana kwa simu usiku.

Umeme. Soketi mbili ukuta mzima, ekstensheni imechomekwa kwenye ekstensheni nyingine, kisha mhudumu mwenye nia njema anakuja na birika kubwa la chai ya saa nne anachomeka hapo hapo. Plagi zetu ni za ampea 13, kwa volti 230 ni wati 3,000 hivi. Birika la lita 20 peke yake linaweza kula wati 2,500. Ongeza feni, projekta na kompyuta 20, fyuzi inaruka katikati ya hotuba ya mkurugenzi. Chai ichemkie jikoni, ije kwenye chupa. Na msituambie "jenereta ipo" kana kwamba hiyo ndiyo dawa. Kutoka umeme ukatike hadi jenereta ishike kuna sekunde kadhaa, na projekta ya taa ikizimwa ghafla feni yake inasimama taa bado ya moto. Mara nyingi haikubali kuwaka mpaka ipoe. Betri ya kuhimili dakika kumi ingemaliza tatizo. Hoteli inayotoza bei ya watalii inashindwaje na betri?

Intaneti nitasema kwa ufupi: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene sentimita 50 na zaidi, hauna habari na rauta yenu iliyoko mapokezi. Vuteni waya mpaka chumbani, rauta ikae ndani ya chumba chenyewe.

Halafu kuna hii mnayoiita "warsha ya ubunifu". Wawezeshaji wanakuja na karatasi za njano za kubandika na makaratasi makubwa ya kuchorea, wanazibandika ukutani. Ukuta wa chokaa haushiki gundi. Karatasi inakaa dakika mbili, inajikunja pembe, inaanguka, na ukiigeuza nyuma imejaa unga mweupe. Solotepu ndiyo balaa, inaondoka na ganda zima la chokaa, na jioni bili inakuja na mstari wa "uharibifu wa ukuta". Hoteli inajua fika kwamba hili litatokea, lakini haisemi mapema. Kamba ya katani iliyofungwa kwenye nguzo mbili za kusimama, na vibanio vya nguo dazeni mbili, vinatosha. Gharama yake pale soko la Darajani haifiki bei ya soda mnazotuuzia.

Nafika kwenye linaloniudhi kuliko yote: paa. Kila kampuni inataka michezo ya kujenga timu juu ya paa, jua linazama, muziki, watu 40 wanaruka pamoja. Watu 40 kwa kilo 70 ni kilo 2,800, karibu tani tatu, na hapo wamesimama tu. Wakianza kuruka kwa mpigo mmoja, dari linapokea zaidi ya hapo. Boriti haiozi katikati ambako mnaiona mkaipaka vanishi. Inaozea kichwani, ndani ya ukuta, pale maji ya masika yanapoingia na mchwa wakafuata. Na fundi akishapiga plasta ya saruji juu ya chokaa, unyevu unafungiwa ndani, boriti inaoza kimya kimya huku ukuta unang'aa. Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wakafa. Baada ya hapo bado kuna meneja anajibu "paa letu imara, tumefanya harusi nyingi"? Idadi ya watu wanaoruhusiwa paani iandikwe mlangoni, imetolewa na mhandisi aliyekagua vichwa vya boriti. Anayetaka kuruka akarukie mchangani, pwani ipo.

Sauti pia inawashinda. Plasta ngumu, sakafu ngumu, hakuna pazia: spika moja kubwa mbele inageuza maneno uji. Wekeni mbili ndogo, moja mbele na moja katikati ya urefu wa chumba, kwa sauti ya chini, mtandike mazulia au mikeka. Na ua wa ndani si ukumbi wa maiki, sauti inapanda mpaka ghorofa ya juu na wageni waliolala wanashuka na hasira zao.

Kwa wateja sasa. Gari haliingii mlangoni, kubalini hivyo. Lipieni hamali wa mkokoteni, fungeni vifaa kwenye masanduku ambayo mtu mmoja anaweza kuyapandisha ngazi kali, na kama kuna mjumbe asiyeweza kupanda, ulizeni chumba cha chini kabla ya kulipa. Ratiba ifuate adhana: adhuhuri inaingia mnamo saa sita na nusu, basi mapumziko ya chakula yaanze hapo hapo. Msiwaombe hoteli "wafunge madirisha kidogo". Ijumaa mchana msipange chochote.

Na hiyo michezo ya kusaka hazina vichochoroni! Watu 30 wenye fulana za rangi moja wanakimbia kwenye kichochoro cha mita moja na nusu, vespa inakuja, kina mama wamekaa barazani kwao wanapigwa picha bila kuombwa, watoto wanatoka chuoni, yaani madrasa, wanasukumwa. Vikundi vya watu wanne au watano, kwa miguu ya kutembea, na mwongozaji mwenye kibali, kuanzia saa mbili asubuhi na kumaliza kabla ya adhuhuri. Mavazi ya heshima, hilo lisiwe la kujadiliana. Pale kijiwe cha Jaws Corner wazee wanakunywa kahawa na kucheza bao, hawakuwa "kituo namba tatu" cha mtu.

NYONGEZA: Naona watu wa hoteli wameshaanza kujibu "mkitaka ukumbi mkubwa nendeni hoteli za pwani". Hakuna aliyeomba ukumbi mkubwa. Chumba cha watu 24 ni kizuri sana kwa kikao cha watu 18, kina ubaridi wake na utulivu wake, kiuzeni hivyo. Kila profoma iandike urefu na upana kwa mita, idadi ya soketi, kimo cha skrini, chumba kiko ghorofa ya ngapi, vyoo vingapi, VAT imeingia au haijaingia, na risiti ya ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar) itatoka kwa jina la nani. Mwenye hoteli aliye tayari, aweke vipimo vyake hapa chini. Waandaaji, asiyeweka msimtumie amana.