Mjadala: Ramani ya mafuriko Dar, ihuishwe na nani?

Wadau, salaam. Jirani yangu anashikilia kwamba ramani ya mafuriko ni kazi ya wizara na wataalamu wake, mtaa usubiri kuambiwa. Nampinga, na ninaomba tulijadili kabla ya masika.

Naishi Kigogo, upande wa bondeni mwa Mto Msimbazi. Ukutani kwangu kuna mistari miwili ya tope. Wa chini, usawa wa kitasa cha mlango, ni wa Desemba 2011, mafuriko yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na baadaye familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Wa pili ni wa Aprili 2018, umepita kitasa kwa shubiri nzima. Ukuta ni uleule. Kilichobadilika ni mto: mchanga umejaa, na huku pembeni watu wamemwaga kifusi wakapata viwanja. Ramani iliyochorwa kwa maji ya 2011 ingeniambia 2018 nilale tu.

*Kutoka Tabata:*
Ndugu yangu, unajichongea. Umesahau zile X nyekundu za mwishoni mwa 2015, zilizopakwa kwenye nyumba za kubomolewa? Sheria ya Mazingira ya 2004 inataja mita 60 kutoka kingo za mto. Kiwanja changu nilinunua kwa hati ya mauziano, mjumbe akiwa shahidi. Siku nyumba yangu ikipakwa buluu ya mafuriko kwenye ramani, nitamuuzia nani? Na fidia nitadai kwa karatasi gani?

*Kutoka Buguruni:*
Mimi nilitembea na vijana wa Ramani Huria, kazi iliyoanza 2015. Wanafunzi wa vyuo na wenyeji walipita mtaa kwa mtaa na simu, wakichora mitaro. Bibi mmoja alitushika mkono mpaka kwenye kalavati, akagusa paja lake: "Yaliishia hapa." Hakuna setilaiti inayojua hilo. Ila niliporudi msimu uliofuata, kalavati lilikuwa limeziba kwa taka, na kwenye ramani bado liko wazi. Kuchora tuliweza. Kurudi kupima hakukuwa na wa kumtuma.

*Kutoka Kigogo (mleta mada):*
Wa Tabata, hofu yako ni ya haki na siipuuzi. Lakini zile X hazikusubiri ramani ya mtaa wowote. Mita 60 zinapimwa kwa futi kamba. Tudai iandikwe wazi kwamba mstari wa maji si mstari wa kubomoa, na anayehamishwa azungumzwe kwa utaratibu wake. Tukiificha ramani kwa kuogopa tingatinga, atakayeumia ni mpangaji aliyehamia mwezi jana asiyejua chochote.

Na sisemi mtaa ufanye peke yake. Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, huko Kisarawe, na Kisarawe iko mkoa wa Pwani. Mwenyekiti wangu atapimaje mvua ya mkoa mwingine? Hiyo ni ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mitaro ya barabara za mitaa iko kwa TARURA. Ninachotaka ni hiki: kila baada ya masika na vuli, mtendaji wa kata apite na mwenyekiti kupima alama za ukutani, halmashauri izipokee, na wataalamu wa wizara walazimike kuziingiza, siyo kuzisoma kwenye semina. Mradi wa Bonde la Msimbazi, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200 ulioidhinishwa 2022, unakwenda kubadilisha mkondo wenyewe. Mto ukibadilishwa, maji yatatafuta njia nyingine, na wa kwanza kuyaona ni sisi.

Wa Tabata, ile alama ya 2018 kwako bado ipo, au umeshapaka rangi? Kama ipo, ipime leo kutoka sakafuni, uandike hapa ni sentimita ngapi.