Kupiga mbizi Maldivi kwa boti ya kulala: je, mwenye cheti cha mita 18 aende?

Mwambao_Mpya:

Wanajukwaa, salaam. Wenzangu niliosoma nao kozi ya kupiga mbizi wamepanga safari ya wiki nzima Maldivi, katika boti ambayo abiria hula na kulala humo humo huku chombo kikihama kutoka atoli moja kwenda nyingine, nao wamenialika. Nina cheti cha ngazi ya kwanza, kinachoniruhusu kushuka hadi mita 18, na mbizi zangu zote mpaka sasa nimepiga katika ghuba tulivu, moja au mbili kwa siku. Ratiba tuliyotumiwa inaonyesha mbizi tatu kila siku na, katika baadhi ya siku, ya nne baada ya jua kuchwa. Aidha, karibu nusu ya maeneo yaliyotajwa ni milango ya atoli ambayo ratiba yenyewe inakiri kwamba ina mkondo mkali.

Ninaomba kuelezwa mambo mawili. Kwanza, je, mtu wa kiwango changu anaweza kwenda bila kujihatarisha wala kuwazuia wenzake, au ni busara asubiri? Pili, mwili unaathirika vipi mtu anapozama mara nyingi hivyo kwa siku mfululizo? Safari ingali mbali kwa miezi kadhaa, kwa hiyo nina nafasi ya kujiandaa ikiwa maandalizi yatasaidia.

Kiongozi_wa_Kina:

Ndugu Mwambao, nimefanya kazi ya kuongoza wazamiaji kwenye boti za namna hii, nami nitajibu swali lako la kwanza, kwa kuwa la pili wapo wanaolijua zaidi yangu.

Atoli ni duara la miamba ya matumbawe lenye wangwa mpana katikati, na milango ni mapengo katika duara hilo. Maji yote yanayoingia na kutoka hupita hapo, ndiyo maana mkondo hukaza. Maji yanapoingia kutoka bahari kuu huwa maangavu, na papa wa miambani hukusanyika kwenye ukingo wa nje wa mlango, wakielea karibu bila kutikisa mkia huku maji yakipita katika matamvua yao. Hicho ndicho watu wanachokifuata. Sasa, ukingo huo mara nyingi uko kati ya mita 25 na 30, na sheria ya Maldivi inamkataza mzamiaji wa burudani kupita mita 30. Kwa hiyo cheti chako cha mita 18 hakikufikishi mahali ambapo mbizi yenyewe inafanyika, na kiongozi mwaminifu hatakushusha hapo. Fanya kozi ya ngazi ya pili kabla ya kuondoka. Baadhi ya boti huifundisha safarini, lakini ninaona si vizuri mtu ajifunze kwenda kina kipya na mkondo mpya katika asubuhi moja.

Cheti peke yake hakitoshi, hata hivyo. Katika mlango wenye mkondo, kundi zima huruka pamoja likiwa halina hewa ndani ya makoti ya kuelea, na kila mtu hushuka papo hapo, kwa sababu atakayebaki juu dakika moja akihangaika na masikio atakuta ameshapitishwa mbali na ukingo. Mkiufikia, mnashika mwamba uliokufa, au mnapachika kulabu ya mwambani ambayo kamba yake imefungwa kwenye koti, mnatulia na kutazama. Hewa inapofika kiwango mlichokubaliana, mnaachia wote pamoja na mkondo unawaingiza ndani ya atoli, ambako boti ndogo inawafuata.

Hapo ndipo puto la ishara, linaloionyesha boti mlipo, linapohitajika, na hilo ni zoezi unaloweza kuanza leo katika ghuba yako tulivu. Ukiwa mita 5, tazama juu kwanza kuhakikisha hakuna chombo, tia hewa kidogo tu kwenye puto, kisha liache lipande huku kigurudumu cha uzi kikizunguka kati ya vidole vyako. Usikifunge kigurudumu hicho kwenye koti lako hata kwa muda mfupi, kwa sababu uzi ukikwama puto litakupandisha nalo. Rudia mpaka uweze kufanya yote hayo bila kina chako kubadilika. Nikimwona mgeni anafanya hivyo siku ya kwanza, huwa sina wasiwasi naye wiki nzima.

Kuhusu majira, kaskazi, takriban Desemba hadi Aprili, huleta bahari tulivu zaidi na maji maangavu upande wa mashariki wa atoli. Kusi huleta mawimbi na mvua, lakini pia viumbe wadogo wanaoelea, ambao ndio chakula cha samaki aina ya taa wakubwa. Ukumbuke kwamba Hanifaru, katika atoli ya Baa, mahali panaposifika kwa taa hao, hairuhusiwi kuzama kwa mtungi. Huogelewa juu juu tu kwa miwani na mrija. Kama wenzako bado hawajafunga tarehe, washauri wachague wiki ambayo mwezi uko nusu. Nyakati za bamvua, mwezi unapoandama au kuwa mpevu, maji husukumana milangoni kwa nguvu zaidi, na maji mafu ya mwezi nusu humpa mwanafunzi nafasi ya kupumua.

Jibu langu kwa ufupi: nenda, ikiwa utakuwa umepata ngazi ya pili na umezama mara kadhaa mahali penye mkondo wa wastani. Kama hutaweza, mwandikie mwenye boti umuulize ratiba ya atoli zenye vilima vya matumbawe vilivyokingwa, maana Maldivi inavyo vingi na ni vizuri kwelikweli. Ila asije mtu akakuelekeza Komodo, kule Indonesia, badala yake kwa kudhani ni rahisi. Maji ya Bahari ya Flores na ya Bahari ya Hindi hupishana katika njia nyembamba za pale kwa nguvu inayowashinda hata wazoefu.

Muuguzi_Mzamiaji:

Nami nichukue swali la pili, ambalo ninaona ndilo linalotofautisha hasa safari ya kulala botini na mbizi za mwisho wa juma.

Kila mita 10 unazoshuka zinaongeza kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari, kwa hiyo ukiwa mita 20 unavuta hewa iliyokazwa mara tatu, na naitrojeni iliyomo huyeyuka ndani ya damu na tishu zako. Ukipanda taratibu hutoka kupitia mapafu; ukipanda haraka hugeuka mapovu mwilini na kukudhuru. Damu huiachia haraka, lakini zipo tishu zinazoipokea polepole na kuitoa polepole vilevile, na usingizi wa usiku mmoja hauzimalizi. Mbizi tatu au nne kwa siku, siku baada ya siku, maana yake ni kwamba kila asubuhi unaanza ukiwa tayari umebeba salio la jana. Kompyuta ya mkononi hulihesabu salio hilo kwa fomula yake, na ni lazima kila mtu awe na yake, avae ileile safari nzima. Lakini haijui kwamba hukulala, kwamba umeishiwa maji mwilini, au kwamba ulitetemeka kwa baridi wakati wa kupanda.

Ndiyo maana ninawasihi wote wanaosafiri hivi wapange tangu mwanzo kuacha baadhi ya mbizi. Katikati ya wiki, ruka ya mchana, ulale, unywe maji. Uchovu hujilimbikiza bila mtu kuutambua, na ajali nyingi ninazozijua zilitanguliwa na mtu aliyesema hajisikii vizuri lakini hakutaka kupitwa. Kila unapopanda, usizidi mita 9 kwa dakika, na kaa dakika tatu kwenye mita 5 hata kama kompyuta haikudai.

Hewa iliyoongezwa oksijeni, naitroksi, itakusaidia sana kwa safari ya namna hii, na kozi yake ni fupi. Mchanganyiko wa kawaida una oksijeni asilimia 32 badala ya 21, hivyo naitrojeni ni pungufu. Gharama yake ni kina: kwa kikomo kinachofundishwa cha kanieneo ya oksijeni, baa 1.4 (baa moja ni karibu sawa na kanieneo ya hewa juu ya bahari), mchanganyiko huo haupaswi kupita mita 33 hivi, kwa sababu oksijeni yenyewe ikizidi inaweza kuleta degedege chini ya maji, na mtu akipatwa na degedege huko hupoteza rigyuleta, kifaa cha mdomoni cha kuvutia hewa, na kufa maji. Pima mtungi wako mwenyewe kabla ya kila mbizi, weka asilimia uliyoisoma kwenye kompyuta, kisha utie sahihi. Asikupimie mtu.

Masikio nayo hukatisha safari za watu wengi kuliko papa. Sawazisha mapema, kuanzia nusu mita ya kwanza, kabla hujahisi maumivu. Yakikataa, panda kidogo ujaribu tena, na ukiwa na mafua usizame. Baada ya kila mbizi, suuza masikio kwa maji yasiyo na chumvi na uyakaushe, kwa kuwa ngozi ya ndani inayokaa na unyevu siku nzima huvimba na kuoza. Vaa pia suti ya milimita 3 japo maji yana nyuzi 28 au 29, kwa sababu maji huvuta joto la mwili haraka mno kuliko hewa, na baridi ya mbizi ya nne si kama ya kwanza.

Mwisho ni ndege, kwa kuwa angani kanieneo hupungua. Mapendekezo ya wataalamu ni kusubiri walau saa 18 baada ya siku nyingi za kuzama, na boti nyingi huacha kuzamisha wageni mchana wa siku ya kabla ya kuondoka ili zipite 24. Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi, upele unaowasha au uchovu usio wa kawaida, sema saa hiyohiyo upewe oksijeni safi. Usingoje kuona kama itapita.

Zamu_ya_Usiku:

Wenzangu wameeleza vizuri yaliyo chini ya maji. Ningependa kuongeza la juu yake, kwa sababu katika safari hizi saa nyingi hupita ndani ya chombo, na nyingi kati ya hizo mtu amelala.

Tarehe 2 Septemba 2019, boti ya wazamiaji iitwayo Conception iliungua usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, na watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha wakafa. Wachunguzi wa serikali ya Marekani walibaini kwamba hakukuwa na mtu wa zamu anayezunguka usiku, na kwamba njia zote mbili za kutokea katika chumba cha kulala zilitokeza kwenye ukumbi uleule uliokuwa ukiwaka. Maji ya pale si ya joto kama ya Maldivi, lakini boti za kulala zinafanana kila mahali: mbao na plastiki nyingi, kompresa ya kujazia mitungi hewa, mafuta, na kila abiria na betri zake za kamera na tochi.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, waulizeni kwa maandishi kama kuna baharia anayekesha kila usiku, njia ya pili ya kutokea vyumbani inatokeza wapi, betri huchajiwa wapi, na oksijeni ya dharura iliyopo ingetosha saa ngapi hadi kufika kwenye chemba ya kanieneo ya kutibu wazamiaji. Mkishapanda, kila mmoja aitembee njia ya pili mwenyewe, aifungue kwa mikono yake, kisha arudie akiwa amefumba macho huku akipapasa ukuta. Msichaji betri ndani ya vyumba mkiwa mmelala. Kama mwenye boti atakasirishwa na maswali haya, tafuteni boti nyingine.

Mwambao_Mpya:

Nawashukuru sana nyote. Nimeamua kufanya kozi ya ngazi ya pili pamoja na ile ya naitroksi, na barua ya maswali tumeshaanza kuiandika. Yamebaki mawili. Mimi hupatwa na kichefuchefu cha bahari, na nimeambiwa chumba cha chini katikati ya boti ndicho kinachoyumba kidogo, jambo ambalo baada ya maelezo ya Zamu_ya_Usiku linanitia wasiwasi. La pili, hewa yangu huisha kabla ya wenzangu kila mara.

Kiongozi_wa_Kina:

La chumba ni kweli, katikati na chini panayumba kidogo zaidi. Ila mimi ningechagua cha sitaha kuu, katikati, chenye dirisha linalofunguka, na kichefuchefu nikishughulikie kwa dawa. Ijaribu nyumbani kwanza, kwa sababu nyingine huleta usingizi, na usingizi pamoja na ulevi wa naitrojeni wa mita 30 haviendi pamoja. Umuulize daktari anayejua mambo ya kuzama. Imeze kabla chombo hakijang'oa nanga, maana ukishaanza kutapika haina kazi. Katika Maldivi kwa kawaida mitungi na kompresa hukaa kwenye boti ya pili iitwayo dhoni, hivyo kelele na moshi havitakufikia unapopumzika.

Kuhusu hewa, fanya hesabu. Mtungi wa lita 11 uliojazwa baa 200 una lita 2,200. Ukiacha baa 50 za akiba, unabaki na lita 1,650. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika juu ya maji atatumia 60 akiwa mita 20, kwa hiyo ana dakika 27 hivi. Akiwa mita 30 atatumia 80, na dakika zake ni 20. Akishusha pumzi yake hadi lita 15, mita 20 zinampa dakika 36. Tofauti hiyo mara nyingi hutokana na uzito: anayebeba vipande vya risasi vya kumshusha kupita kiasi huelea kichwa juu, miguu chini, akipiga mapezi muda wote ili asizame. Katika mbizi ya kwanza ya majaribio, ambayo kila boti nzuri huifanya mahali tulivu, ubaki na baa 50, kaa mita 5 ukiwa huna hewa kwenye koti, na upunguze risasi moja moja mpaka uelee palepale kwa pumzi ya kawaida. Mtungi wa alumini huwa mwepesi unapoisha, kwa hiyo pima mwishoni wala si mwanzoni. Kiasi utakachopata kiandike kwenye daftari lako la mbizi pamoja na aina ya suti uliyovaa, na umwonyeshe kiongozi wako kabla ya mlango wa kwanza. Umwambie pia kwamba unatumia hewa haraka, ili akuweke na mwenza anayelingana nawe na apange muda wa kuachia ukingo kwa kufuata mtungi wako.